Kapita na Picha ya Ukutani

Kapita hakuweza kuzungumza habari ya barabara akiwa amesimama. Ukimkuta sokoni ukamwambia, "Papa Kapita, kule kilima cha pili maji yamekata njia," hakujibu kwanza. Alichuchumaa palepale, kati ya mafungu ya sombe, majani ya muhogo, na mabeseni ya mawese, akafuta vumbi kwa kiganja, akachora mstari kwa kidole. Kisha akainua uso: "Onyesha. Wapi?" Na wewe, hata kama umevaa nguo ya misa, ilibidi uchuchumae.

Kapita ndivyo tulivyomwita wote, wakubwa kwa wadogo. Kwetu kapita ni yule anayesimamia wenzake kazini, na yeye alisimamia komite yetu ya barabara, yaani sisi watu wa majembe na makoleo tunaotunza kipande cha njia kati ya Kasongo na Kabambare. Ni kile kipande ambacho watu wa pikipiki wakikitaja hutema mate kwanza. Mimi niliingia komite baada ya kuacha sekondari mwaka wa tatu, msichana pekee aliyekuja na koleo lake mwenyewe. Pembeni ya kazi hiyo nina kibanda cha sinema: chumba cha udongo, dirisha limezibwa kwa turubai, paneli ya jua juu ya bati, projekta iliyokwisha kutumika niliyoinunua Kasongo, na ukuta mmoja niliupaka chokaa mwenyewe mpaka mabega yakaniuma. Naonyesha mpira na filamu. Ninaota kwamba siku moja nitaonyesha pale filamu niliyoipiga mimi. Kapita alizijua ndoto zangu zote, na alizijulia hali kama mtu anavyowajulia hali wagonjwa:

"Mwanangu, ndoto zimeamuka namna gani leo?"

"Zimeamuka vizuri, Papa."

"Zimekula?"

"Bado."

"Basi zivumilie. Shika koleo."

Mikutano yetu ilikuwa kwenye payote, kile kibanda cha nyasi kisicho na kuta, karibu na nyumba ya wagonjwa. Kabla ya kuamua jambo lolote, Kapita alitutengenezea barabara chini. Alichukua majivu kwenye kopo akayamwaga polepole akirudi nyuma, na barabara yetu ikatokea, na kona zake zote. Mito aliiweka kwa kamba za magome. Vijiji aliviweka kwa ngazi, yale matunda mekundu ya mchikichi. Madaraja yalikuwa njiti za kiberiti. Na kila mtu wa komite alikuwa na jiwe lake alilotoka nalo nyumbani. Langu lilikuwa jeupe, nilipewa na mchimbaji mmoja wa Lusangi aliyeniapia kwamba halina dhahabu, ameshalitazama pande zote. Jiwe ulilitia pale unapotaka kazi ianze, kisha ndipo ulifungua mdomo kueleza kwa nini.

Aliyetangulia kusema kabla ya kuweka alikatizwa hapohapo. "Jiwe yako iko wapi?" Hilo ndilo neno la Kapita. Watoto walilichukua wakalitumia kwenye michezo yao, na wake za watu walilitumia kwa waume zao walioahidi kuezeka jiko.

Siku moja alikuja mfanyabiashara wa Salamabila, mtu wa viatu vyenye ncha, kulalamika kwamba pikipiki za mizigo yake zinalala njiani. Akaanza kwa sauti kubwa.

"Nyinyi watu wa komite, kila mwaka munachimba-chimba tu..."

"Jiwe yako iko wapi?"

"Jiwe gani? Mimi ni mugeni hapa."

"Mugeni hana mfuko?"

Yule bwana akapapasa mfukoni, akakuta peremende, akaiweka kwenye njiti ya daraja la mto Lubwe huku watu wakicheka. Kapita akamsikiliza mpaka mwisho, tena kwa heshima kabisa. Mkutano ulipokwisha akaiokota ile peremende, akaipuliza majivu, akaila. "Hoja yako nimeielewa," akamwambia. "Ilikuwa tamu."

Nilichokipenda mimi kwenye majivu yale ni kuhamisha. Ukisikia neno la mwenzako likakuingia, ulinyoosha mkono ukalisogeza jiwe lako, na wote waliona kwamba limesogea. Haikuwa aibu. Kapita mwenyewe alihamisha la kwake mara nyingi, akinung'unika kama mtu anayehamishiwa kitanda na yeye yuko juu yake. Mwisho ulitazama chini tu. Penye mawe mengi ndipo kesho tunapokwenda na majembe, na hata aliyeshindwa alijua ameshindwa na nani na kwa sababu gani.

Lakini sitaki kumsifu kupita kiasi, maana yeye mwenyewe angenicheka. Kwenye majivu yale, ngazi ya kijiji chake ilikuwa kubwa kila siku. Vijiji vya wengine vilipata zile ndogo, za kunyauka, na cha kwake kilipata moja nene inayong'aa mafuta. Tena duara lile lilikuwa dogo. Wanaume walichuchumaa mbele, mabega kwa mabega, na wanawake waliobeba watoto walibaki nyuma wakitazama migongo. Mama wa Maternite, yule anayezalisha wanawake kwenye nyumba ya wagonjwa, alikuwa mtu wa komite kama sisi, lakini jiwe lake lilipitishwa mkono kwa mkono. "Muniwekee Kamusha!" alipaza sauti kutoka nyuma. Na jiwe lilifika, lakini wakati mwingine lilifika Kamusha, wakati mwingine lilifika pale alipotaka yule wa mwisho kulishika.

Kamusha ni mto mdogo. Wakati wa kiangazi mbuzi anauvuka bila kulowa tumbo. Mvua zikianza, unashuka kutoka vilimani na hasira ambayo hujui imetoka wapi, na ng'ambo yake kuna mashamba ya muhogo na mpunga na familia nyingi, na njia yao ya kufika maternite ni gogo moja lililolazwa juu ya maji. Bintiye Kapita, kitinda mimba wake, aliolewa huko ng'ambo. Mwaka wa habari hii alikuwa na mimba ya kwanza, ambayo ingetimia katikati ya mvua. Kapita hakulitaja hilo mkutanoni hata mara moja, maana kwetu baba hazungumzi habari za tumbo la binti yake, wala binti hakai mbele ya baba tumbo likishakuwa kubwa. Ila jiwe la Kapita lilikuwa Kamusha, halikusogea, na wote tulijua kwa nini.

Alikuwa na buti za mpira, nzuri, za rangi ya kijani, na hakuzivaa. Alizitundika begani zikining'inia kama kuku wawili wa zawadi, akatembea barabara nzima miguu mitupu. Tulipomuuliza alisema buti hazina habari. Mguu mtupu ndio unaojua udongo umelegea wapi. Tuliona ni ujanja wa mtu wa kazi, na ulikuwa ujanja kweli. Alikuwa Mkristo wa misa ya alfajiri, asiyekosa hata Jumapili moja, lakini Ramadhani ikifika alifunga siku za mwanzo pamoja na majirani zake Waislamu. Walimtania kwamba anafuata uji wa jioni. "Sasa nifuate nini ingine?" alijibu. Aligomba kwa sauti ya kusikika vijiji viwili, lakini kuku wa kuchinjwa alimwachia mkewe, yeye akaenda kutembea mbali asimsikie akilia. Na kitu kilichomkasirisha kuliko vyote ni mtu kunyamaza mkutanoni kisha akaenda kusema njiani. "Huyo," alisema, "ni mwizi. Ametuibia neno yetu."

Kwenye sinema yangu alikuwa mteja wa kila mpira. Alikaa benchi la mbele kabisa, karibu na ukuta kiasi kwamba kivuli cha kichwa chake kiliingia uwanjani.

"Papa Kapita, kichwa!"

"Kichwa yangu haikulipa mulangoni?"

"Ililipa kutazama, haikulipa kucheza!"

Watu walianguka kwa kicheko, na yeye aliinama kidogo, kisha taratibu kichwa kilirudi juu. Goli likiingia alipiga kelele nyuma ya wengine, kama mtu aliyeamshwa. "Nani amefunga?" alimuuliza jirani. "Wale wa nyekundu, Papa." "Nilijua." Tulidhani haelewi mpira vizuri. Tulimpenda hivyohivyo.

Sheria ya sinema yangu inajulikana, na sikuiweka mimi, iliwekwa na watu wenyewe. Picha ikianza, hakuna kuongea. Mtu akieleza filamu kwa sauti atapigiwa "Nyamaza!" na benchi zima, na akizidi atatolewa nje. Ukutani mle hakuna kinachojibiwa. Unatazama, unashangaa, unakwenda nyumbani.

Sasa, shirika moja lilikuwa limeahidi mbao ngumu na vyuma vya daraja moja. Daraja moja tu, na sisi komite ndio tuchague, ama Lubwe, mto mkubwa kwenye njia ya Salamabila, ama Kamusha. Wakatuma enjeniere kutoka Kasongo. Alikuwa kijana mpole, mwenye kusalimia hadi watoto, na alilala kwa Kapita akala bugali kwa Kapita. Alikuja na ordinatere yake, kompyuta ya kubeba, na picha nyingi, nyingine amezipiga kwa kidege kidogo kinachoruka peke yake. Alitaka tuzione zote kwa pamoja ndipo tuamue. Payote haina kuta, jua lingekula picha. Kwa hiyo mkutano ukaja kwangu, kwenye sinema, saa za mchana. Mimi nilifagia toka asubuhi. Nilikuwa na furaha isiyo na kiasi, kwamba ukuta wangu leo unafanya kazi ya wakubwa.

Watu waliingia wakakaa kwenye mabenchi wakitazama upande mmoja, kila mtu anamwona mwenzake kisogo. Mawe yao walikuwa nayo mikononi. Lakini pa kuyaweka hapakuwepo.

Picha ya kwanza ilikuwa barabara yetu nzima ikionekana kutoka mbinguni. Ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Kijiji cha Kapita kilikuwa alama ya ukucha.

"Yoo! Kumbe kwa Kapita ni kadogo hivi!"

"Na ile ngazi yote ya mafuta!"

Tulicheka mpaka benchi likalia. Kapita naye akacheka, nyuma kidogo ya wengine. Mama wa Maternite alikuwa amekaa katikati, na kwa mara ya kwanza hakuna mgongo uliomziba. Nilimsikia akisema taratibu, "Kamusha iko karibu na mimi hivi? Na wale wa ng'ambo njia yao inazunguka vile?" Hapo picha ya ukutani ilifanya kitu ambacho majivu hayakukifanya miaka yote. Hilo lazima liandikwe pia.

Kisha ikaja Lubwe. Picha ilipigwa wakati wa mvua, lori limelala ubavu kwenye daraja lililovunjika, maji ya rangi ya chai yanapita kwenye kioo cha dereva. Ilijaa ukuta mzima. "Yesu!" akasema mmoja. "Subhanallah!" akasema mwingine. Ikakaa pale. Kisha Kamusha. Kumbe picha ya Kamusha ilipigwa kiangazi: gogo, kijito, na mbuzi anavuka akitafuna. Watu wakacheka. Mama wa Maternite akasimama.

"Enjeniere, hiyo picha..."

"Mama, kaa! Tunaangalia!"

"Lakini hiyo ni ya kiangazi, mvua ikinyesha..."

"Ssss! Nyamaza!"

Hawakuwa na ubaya. Walikuwa kwenye sinema. Na Mama wa Maternite, ambaye nimemwona akimfukuza askari mlevi kwenye maternite kwa ufagio, akakaa.

Enjeniere akarudisha picha ya Lubwe. Alikuwa na kalamu inayotoa nukta nyekundu, akaituliza nukta ile juu ya daraja lililovunjika, akauliza kwa heshima, "Papa Kapita, wewe unajua njia hii kuliko sisi. Tuanzie hapa?"

Kapita alikuwa kwenye benchi lake la mbele. Akajibu kwa ile sauti ya vijiji viwili: "Hapa hapa. Wala usiulize mara ya pili."

Tukapiga makofi, kama goli. Turubai likafunguliwa, mwanga ukaingia, watu wakatoka wakipangusa macho, mawe yao bado mikononi. Njiani walisema Kapita ni mtu mkubwa, ameuacha mto wa binti yake kwa faida ya wote. Mimi pia nilisema hivyo.

Mbao ziliposhushwa Lubwe, Kapita alikuja kwa miguu, buti begani. Akapita kati ya mbao, akazigusa moja moja. Akasikiliza maji, maana Lubwe inanguruma na Kamusha inanong'ona. Kisha akauliza, "Kwa nini zimeshushwa hapa?"

"Papa Kapita, ni wewe ulisema."

Nilitegemea agombe. Badala yake alikaa juu ya mbao, akazishusha buti begani, akazivaa. Ndiyo mara pekee niliyomwona amezivaa. Akachukua jembe, akafanya kazi na sisi mpaka daraja la Lubwe likasimama, na hakusema neno. Na lile daraja ni zuri, pikipiki za Salamabila zinapita juu yake mpaka leo, hakuna aliyedhulumiwa kwa kujengwa kwake. Ila yeye, mtu wa kuwaita wengine wezi wa neno, alikuwa amelificha la kwake.

Mvua zikaja. Gogo la Kamusha likaondoka na maji, na uchungu wa binti ukaanza asubuhi moja yeye yuko ng'ambo. Mumewe na vijana walimbeba kwenye tipoyi, kile kiti cha miti cha kubebea wagonjwa, wakafika ukingoni wakakuta hakuna njia. Wakamlaza kwenye kibanda cha kulindia mpunga. Sisi tulikuwa upande huu, komite nzima na kamba zetu, na Mama wa Maternite na mfuko wake, na maji katikati. Mara mbili vijana walijaribu kuvuka na kamba, na mara mbili tuliwavuta nje kama samaki.

Mama wa Maternite akaanza kupaza sauti kuwaelekeza wanawake wa ng'ambo. Maji yakaimeza. Akajaribu tena, sauti ikakauka. Kapita alikuwa nyuma yetu, mbali, pale baba anapotakiwa kukaa. Akaja mbele. Akaingia majini mpaka magotini.

"Sema, mama. Mimi nitawafikishia."

"Papa, ni maneno ya wanawake haya. Na ni binti yako."

"Sema."

Na akayasema. Maneno ambayo hakuna baba wa kwetu aliyewahi kuyatamka mbele ya watu, juu ya mwili wa mtoto wake mwenyewe, aliyapiga kelele yote kuvuka Kamusha, moja baada ya jingine, mkwewe akiwa ng'ambo anayasikia. Asisukume bado. Mgeuzeni ubavu. Kichwa kinaonekana? Sasa mwambieni asukume. Wanaume wa komite walitazama chini. Mimi nilimtazama yeye, na machozi yalinitoka, mimi hulia haraka. Mtoto alizaliwa wa kike na alilia, tuliona wanawake wakiruka. Lakini damu ya mama yake haikutaka kukatika. "Mukandeni tumbo! Mukande nguvu! Mtoto anyonye!" Ikakatika jioni. Binti alilala kule siku nyingi, mweupe midomo, mpaka maji yalipopungua tukamvusha. Alipona, ila ule mwaka wote hakuweza kubeba hata ndoo ya maji.

Mkutano uliofuata Kapita hakumwaga majivu. Aliweka jiwe lake chini, katikati ya payote, mahali patupu.

"Jiwe yangu iko hapa," alisema. "Siku ile kwa sinema sikuona kitu. Niliona mwanga. Macho yangu ni ya moshi, ni muda. Enjeniere alisema 'hapa', na mimi kwangu hapa iko Kamusha, ndiyo ile Mama alikuwa anasema; sikujua picha imerudi nyuma. Nikajibu. Kisha nilipojua, niliona aibu kuwaambia kama kapita wenu haoni. Mutoto wangu karibu afe kwa aibu yangu. Mutafute kapita mwingine."

Akaliokota jiwe lake, akalitia mfukoni. Aliondoka akipapasa njia kwa miguu mitupu, na ndipo nilipokumbuka kichwa kile ndani ya uwanja, na "nani amefunga", na buti.

Kiangazi kilipofika, enjeniere alirudi. Mbao zilizobaki Lubwe zingetosha daraja fupi moja, na palikuwa na mahali pawili tena pa kuchagua: Kamusha, ama mfereji wa karibu na soko unaowasumbua wenye maduka. Alisikia habari ya maji na mtoto, na ilimkalia vibaya. Alitaka tuamue vizuri. "Bila picha?" aliniuliza. "Turudi kwa majivu tu?"

Nilimwambia aniachie. Nilikuwa nimefikiri msimu mzima. Picha yake ilikuwa na barabara ya kweli, bila ngazi ya kujipendelea. Majivu yalikuwa na mikono yetu. Niliona kosa la picha ni moja, kwamba imesimama. Kwa hiyo nilipanda juu, nikaifunga projekta kwenye boriti ya sinema yangu kwa vipande vya mpira wa tairi, mdomo ukatazama chini. Nikatoa mabenchi yote nje. Nikatandika shuka jeupe la kitanda changu sakafuni. Barabara ya mbinguni ikalala chini.

Kisha nikaenda kwa Kapita. Nilimkuta ameketi mlangoni anabambua karanga kwa vidole, mjukuu amelala mapajani. Alinijua kwa hatua.

"Ndoto zimeamuka?"

"Moja imeamuka, Papa. Inakuita mkutanoni."

"Kapita asiyeona haitwi."

"Picha iko chini leo. Inashikwa."

Aliacha karanga. "Inashikwa namna gani?"

"Njoo uishike."

Alibishana nami njia nzima, lakini alikuwa anatembea. Tulipofika, komite ilikuwa imezunguka lile shuka pande zote, uso kwa uso, wanawake mbele, maana nilikuwa nimewapanga mimi na kwenye sinema yangu anapanga mwenyewe. Tayari kelele ilikuwa imejaa. Mwenye duka mmoja alikuwa na jiwe lake kwenye mfereji wa soko na anatetea. Mama wa Maternite alikuwa ameweka jiwe lake Kamusha kwa mkono wake mwenyewe, na anaeleza mvua inavyokuwa pale, na mara hii hakuna aliyemwambia nyamaza. Mawe mawili yalihama nikitazama. Kisha la mwenye duka nalo, kwa manung'uniko.

Nilimshika Kapita kiwiko, akachuchumaa. Akanyoosha mkono juu ya shuka, na mwanga ukamwangukia, barabara ikampita juu ya vidole na vilima vikapanda kwenye mishipa yake. Aliona mng'ao tu, alisema baadaye. Akausogeza mkono polepole mpaka akagusa mawe, akayapapasa, lile rundo.

"Mwanangu, mukono yangu iko wapi?"

"Iko mu Kamusha, Papa. Katikati ya maji."

"Ndiyo maana nasikia baridi."

Kicheko kilipasua chumba. Yeye hakuondoa mkono. "Enjeniere," aliita, akigeuza uso upande ambao hakuwepo. "Jiwe yako iko wapi?"

Enjeniere alijipapasa mifuko, hakuwa na jiwe. Akatoa ile kalamu ya nukta nyekundu, akapiga magoti kwenye shuka langu, akailaza kando ya vidole vya Kapita.

Kapita akaigusa, akaipima. "Hii ni jiwe gani, nyepesi hivi?"

"Ni taa yangu, Papa."

"Maji itaibeba," akasema Kapita. Akatoa jiwe lake mfukoni, akalilaza juu yake.